Avokado ya Dada Yangu Niliyoikata Kama Kahawa

Hili jambo nimeshindwa kulisema kanisani, basi naliandika, ingawa shule niliiacha darasa la tatu na mkono wangu umezoea panga kuliko kalamu.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, dada yangu mkubwa wa Kimilili, mjane, alinunua mche wa avokado Kitale. Si hizi zetu za kujiotea jalalani. Huu ulikuwa wa kupandikizwa, matunda yake nyama tupu, na mzee mwenye nasari ya miche karibu na msikiti alimwambia utazaa mwaka wa tatu. Halafu binti yake akajifungua Bungoma. Dada akaenda kumsaidia miezi miwili, akaniachia boma na mche.

Sasa mimi nimekata kahawa maisha yangu yote. Hata nilipokuwa Webuye nikipakia magogo, nilikuwa narudi Jumamosi kukatia watu kahawa, na wengine walinilipa kuku tu. Kahawa ikizeeka unaikata chini, inachipua, unachagua chipukizi moja lenye nguvu. Kwa kazi hiyo nilijulikana. Basi nikaona mche wa dada una kidonda shingoni, umefungwa nailoni, na juu yake majani manne ya kusikitisha. Nikasema huu ni ugonjwa. Nikakata chini ya kidonda. Ukachipua vizuri sana, na dada aliporudi akanisifu kwa majirani.

Mwaka wa tatu, hakuna kitu. Wa tano, hakuna. Wa saba ukazaa vitunda vya maji maji, mbegu imejaa ndani, nyuzi zinakwama kwenye meno. Dada akavijaza mfukoni, mimi nikabeba, tukaenda Kitale. Alivimwaga mezani kwa yule mzee, mbele ya wateja, akamwita mwizi wa wajane.

Mzee alipasua kimoja, akakiangalia. "Mama, kuna mtu aliukata huo mche?"

"Nani akate? Aliuchunga huyu ndugu yangu. Mtu wa kahawa huyu, habahatishi."

Hapo ndipo nilielewa. Nikaangalia viatu vyangu.

Mzee akaleta miche miwili, akasema hataki pesa. Dada alipogeuka kutafuta kamba, mzee akashika mkono wangu, akaweka kidole changu juu ya kidonda cha mche mmoja.

"Mzee mwenzangu, avokado inaanzia hapa. Chini ya hapa ni ya kienyeji tu. Panga lisishuke chini ya hapa."

Hakusema zaidi, na dada alikuwa hatua tatu kutoka pale.

Miche ile ilizaa mapema, matunda kama siagi. Dada akawa anagawia kila mgeni, na kila mgeni anasimuliwa habari za mwizi wa Kitale aliyeaibishwa hadharani. Mimi nakula, natikisa kichwa. Watu wa kwetu wakaacha kununua miche kwa yule mzee, hata watu wa Ndalu. Siku moja jirani aliyetaka miche ishirini akauliza aende wapi, na dada akaanza tena. Yule mwizi, ati aende kwa yeyote isipokuwa yeye.

Nikasema, "Mimi ndiye niliukata."

Dada aliweka kijiko chini.

"Na miaka yote hii umekula avokado zangu?"

Akainuka, akachuma matunda, akajaza mfuko, akaniwekea miguuni.

"Nilimtukana mbele ya watu. Nawe utasema mbele ya watu. Jirani atakufuata, asikie."

Nilienda Kitale. Wateja walikuwa wanne, na jirani. Nikasema yote. Nilitaka yule mzee anitukane, angalau tulingane kidogo. Yeye akapasua tunda, akaonja, akaniuliza kama ile miche miwili huwa naiwekea samadi.

Nikasema ndiyo. Na huo nao ulikuwa uongo. Huwa anaiweka dada.