Salamu Sita na Nusu

Machibya alikuwa mpiga picha wa Kirumba tangu enzi zile mtu akisogelewa na kamera anakaza shingo kama anayesomewa mashtaka. Leo studio yake ni saluni ya bintiye Dorcas, na yale maporomoko ya maji aliyoyachora ukutani kwa jasho lake yamefunikwa na bango la mitindo ya kusuka. Kilichobaki chake ni chumba cha giza cha kusafishia picha kule nyuma, mashine ya kukuzia picha, na karatasi moja kubwa ya picha. Moja tu. Ukiiulizia nyingine madukani wanakuletea karatasi ya kompyuta, tena kwa tabasamu.

Karatasi hiyo alikuwa ameitunzia sura ya mkewe, Evelina, aliyefariki mwaka juzi. Alimpiga picha Busisi wakisubiri kivuko, kabla daraja halijajengwa, upepo wa ziwa ukigombania kanga yake, naye anacheka mpaka fizi.

Zamani aliwahi kuichapa hiyo picha kwa ukubwa wa kadi ya posta. Muda wa kuimulika karatasi ulikuwa Salamu Maria mbili. Ndiyo, Salamu Maria. Saa haikuwahi kuingia humo ndani. Evelina alisimama nje ya pazia akasali kwa sauti, mumewe akawasha na kuzima taa kwa kumfuata. Alisali mbiombio, kama mtu anayeona kivuko kinang'oa nanga, na mwendo wake haukubadilika miaka yote.

Safari hii Machibya alijaribu kusali mwenyewe. Salamu ya kwanza ilitambaa, ya pili akaiacha njiani. Akamwita Dorcas.

"Baba, si utumie simu? Ina saa."

"Simu inajua mwendo wa mama yako?"

"Mwendo wake ninao mimi. Kwenye jumuiya wananiuliza nafukuzwa na nani." Dorcas akacheka. "Haya, unaikuza mara mbili ya ile. Nisali nne, yaishe?"

"Kichwa kimejaa rasta hicho. Ile ya posta ilikuwa mara nne ya negativu, hii ni mara nane. Taa ikipanda juu mwanga unatawanyika, kama mafuta kidogo kwenye sufuria pana. Sasa, nne ongeza moja, tano. Nane ongeza moja, tisa. Tisa gawa kwa tano, jibu ulizidishe kwa lenyewe."

Dorcas akabonyeza simu. "Tatu na kama robo."

"Basi mbili za mama yako zinakuwa sita na nusu."

"Na hiyo nusu naikata wapi, baba? Nisije nikalaaniwa."

"Ukifika kwenye jina la Yesu, nyamaza. Nami nazima."

Akavuta pazia. Akaweka karatasi, akawasha taa, na Evelina akatandazwa mezani akiwa kinyume, meno meusi, nywele nyeupe. Nje sauti ikaanza, mbiombio, ikimeza maneno yale yale aliyoyameza mama yake. Machibya akafumba macho. Ya tatu. Ya nne. Mkono ulikuwa kwenye swichi. Ya sita ikaisha, ya saba ikaanza, ikafika kwenye jina, ikanyamaza.

Evelina hakuwahi kuacha sala katikati. Machibya akasubiri amalizie.

"Baba? Umezima?"

Akazima.

Chini ya taa nyekundu aliilaza karatasi kwenye dawa ya kutokeza picha. Kanga ikatokea, kisha macho, kisha kile kicheko chote. Kwa muda mfupi alikuwa Evelina kabisa, wa Busisi, mkubwa kuliko picha yoyote aliyowahi kupigwa. Hapo ndipo alipaswa kumtoa, maana mwanga ulikuwa umezidi. Koleo lilikuwa mkononi, lakini nani amtoe mtu ambaye ndiyo kwanza amefika? Weusi ukaendelea, ukameza kanga, ukameza macho. Meno yalipotea mwisho.

"Vipi, baba?" Dorcas akauliza nje ya pazia. "Amefanana?"

"Alifanana," akajibu Machibya, koleo bado likining'inia juu ya dawa.