Mwenye Machozi Abaki Njiani

Meno yangu ya mbele yalikuwa bado hayajaota upya nilipopewa kazi ya kusimama mlangoni kwetu, Naviundu, nizuie watu wanaolia wasiingie. Kazi hiyo nilipewa na kaku, bibi yangu mzaa baba, mwanamke wa Kasai aliyekuja Lubumbashi na mumewe na asiyekubali hata siku moja kwamba amehama kwao. Asubuhi ile homa ilikuwa imemchukua mdogo wangu Mbuyi, mtoto wa miaka mitatu. Na Mbuyi alikuwa pacha.

Kwetu pacha akifariki haliliwi. Hata kufa hakutajwi. Husemwa amekwenda kutafuta chumvi. Mwenzake akisikia kilio atajua kwamba ndugu ameondoka kweli, naye atamfuata. Basi ziliimbwa nyimbo za mapacha, zile zile zenye matusi zilizoimbwa siku walipozaliwa, na Kabanga, aliyebaki, akapiga makofi katikati ya watu wazima waliovimba nyuso.

Jirani yetu Mama Zaina, Mwislamu ambaye watu wake walitoka Maniema, hakuijua desturi hiyo. Alikuja mbio, kanga kichwani, machozi yakimtiririka, kama ambavyo angekuja mtu yeyote mwenye moyo. Nikamzuia. Nilimwambia maneno ya kaku kama nilivyofundishwa: mwenye machozi abaki njiani. Alinitazama, kibogoyo mimi, nimetandaza mikono mlango mzima. Kisha akajifuta kwa pindo la kanga, akameza mate, akaingia akicheka. Sijasikia tena kicheko kibaya kama kile.

Siku hizi nafundisha watoto kusoma, na kila tukifika kwenye maneno ya ulinzi nakumbuka nyumba yetu ya wakati ule. Lubumbashi, neno letu ni kuchunga. Pwani nasikia huchungwa mbuzi. Sisi tunachunga kila kitu, maharagwe jikoni, nguo kwenye kamba, zamu ya bomba, mtoto wa jirani. Mama Zaina, alipokuwa anatoka siku ile, alisema Mungu amhifadhi huyu aliyebaki. Kaku alikuwa na neno la lugha yake, kulama, ambalo ni kukishika kitu usikiachie. Baba alisema kulinda, kwa kuwa alikuwa santineli, mlinzi wa duka la nguo mjini, na kwake hilo lilikuwa neno la kazi, lenye koti na rungu. Maneno yote hayo yalikuwa yamemwangukia mtoto mmoja mwenye kamasi, Kabanga. Baba mwenyewe alilitamka neno lake mara moja tu, akiwa anafunga viatu ili arudi kazini. "Minalinda bilamba ya benyewe," aliniambia, yaani nguo za watu. "Mutoto yangu, hapana." Halafu akaenda zake.

Lakini aliyechungwa hasa alikuwa mama. Kaku alipiga marufuku vitunguu nyumbani, kwa sababu mbele ya kitunguu nani atajua chozi ni la nini? Mbabula, jiko letu la makaa, ikawa inawashwa mbali, nyuma ya ukuta, moshi usije ukampa mtu kisingizio. Bukari, ugali wetu, iliendelea kupakuliwa kwenye sahani mbili ndogo, na Kabanga akazila zote mbili, akanenepa. Na mtaa mzima uliendelea kumwita mama Mwambuyi, yaani mama wa Mbuyi, jina analopewa kwetu kila mwanamke aliyezaa mapacha. Kutwa nzima ilikuwa Mwambuyi umeamkaje, Mwambuyi niazime kinu. Na yeye aliitika.

Siku moja alichukua ndoo akaenda mtoni, ingawa bomba lilikuwa linatoa maji. Nikamfuata, maana ndivyo nilivyoagizwa. Aliiweka ndoo chini, akajishika kiuno kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Hapo akaniona.

"Unanichunga?" akauliza.

"Ni kaku anasema."

Alinitazama. "Basi, chunga," akasema, akajaza ndoo, tukarudi nyumbani. Nilimwonea huruma. Ningetaka kumwambia alie, mimi nitaziba masikio, lakini Kabanga je?

Kabanga hakufa. Alipita surua, alipita malaria, akawa mvulana, akaota ndevu. Kaku hakuona ajabu yoyote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulikuwa tumesikia. Alipofariki yeye, uzee wake umetimia, tulimlilia kwa sauti zote. Nilimtazama mama. Alilia kwa kipimo, kwa adabu, kama mtu anayeogopa akizidisha kitatoka kingine.

Sasa Kabanga anachimba madini Kambove, katika mashimo yale ambayo watu hushuka kwa kamba na tochi ya kichwani. Mwaka huu alikuja kutusalimu, na mjomba mmoja, bia imemlegeza ulimi, akamsimulia jinsi msiba wa Mbuyi ulivyochezewa ngoma. Kabanga hakuwa anajua. Alikuja kwangu, mimi mkubwa wake, amekunja uso.

"Yaya, ni kweli hakuna mutu alimulilia ndugu yangu?"

Nikamweleza yote, hata habari ya mtoni. Maskini, miaka yote alidhani mama ni mkavu tu, kwamba ndivyo alivyoumbwa. Akainuka, akaenda kuchuchumaa mbele ya mama, pale alipokuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, miye niko mukubwa sasa. Lia tu. Nitatoka mpaka kule barabarani, sitasikia."

Mama hakuacha kuchambua majani. "We unashuka mu shimo kila siku," akasema polepole, "na unaniambia nilie?"

Kabanga alinitazama nimsaidie. Mimi niliyesoma, ninayejua homa huua kwa sababu gani, nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Nikatazama mikono ya mama, nikaiacha hotuba hiyo. Ningemwambia desturi ile ni bure, halafu kesho shimo likaporomoka, ningemtazama na uso gani? Kabanga alirudi Kambove siku iliyofuata, na mama akamsindikiza hadi kwenye gari, macho yake makavu.

Tangu hapo nimepiga hesabu hii usiku na mchana na haitoki. Kabanga akitangulia, mama atapata ruhusa ya kulia, na atawalilia wawili. Mama akitangulia, atazikwa na kilio chake kikiwa kizima, hakuna aliyekisikia. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta. Watu wa kanisani wakiniambia niombe, naomba, na sithubutu kuwaambia ninachoomba. Nampenda mama yangu, na naomba afe kabla ya Kabanga, bila kulia. Mama mwenyewe pia anaomba hivyo.