Parachichi la Nyongeza

Nilipokuwa nasoma diploma ya biashara, nikiwa nimeshapita miaka arobaini, kundi letu lilitumwa soko la Ngarenaro kuuza maparachichi ya kijiji cha Kikwe ili tupate alama za mazoezi. Kiongozi wetu, binti wa rika la mwanangu, alikataza kumpa mteja nyongeza ya bure.

"Baba, kwenye mpango wetu haimo."

Hadi mchana kila mama aliyechagua matatu alisubiri la nne, akalikosa, akayarudisha yote. Mimi niliyezunguka minada mingi na mitumba begani nilishindwa kuvumilia. Mmoja alipogeuka kuondoka, nikamwongezea moja kikapuni. Akalipa, akaenda kuwaita jirani zake.

Jioni binti aliishika ripoti ya mauzo bila kuandika.

"Mwalimu atatunyima alama, baba."

"Naye hununua sokoni."

Akaandika nyongeza, akaifuta, akaiandika tena.