Bendi Mbili Darajani

Sisi tuliokulia vihambani, kwenye mashamba ya migomba huko juu ya Moshi, kabla nguzo za umeme hazijatufikia, muziki tuliujua kwa matarumbeta ya kanisani. Baba yangu alipiga besi, tarumbeta kubwa kuliko mimi, na kila Jumamosi tuliing'arisha kwa majivu na limao mpaka mikono ikanuka shaba. Vijana wa leo wananunua spika ya kujaza sebule na bado wanalalamika haina besi. Wangemsikia baba!

Kila asubuhi ya Pasaka bendi yetu ilishuka mlimani, na bendi ya ng'ambo ya mto ikashuka upande wake, zikutane darajani ziende kanisani pamoja. Iliyotangulia kufika ilinyamaza ili nyingine imalize wimbo wake. Mwaka mmoja zilifika pamoja, na hakuna iliyokubali kunyamaza. Yetu ilipiga wimbo wa haraka, yao wa taratibu, zote kwa nguvu za mwisho. Nilisisimka mpaka machozi yakanitoka. Lakini wazee wa kanisa walimwita baba, maana ndiye aliyeongoza bendi, wakamwambia ameitia Pasaka aibu.

"Nimeharibu sikukuu ya Bwana," alimwambia mama, akaisukuma besi uvunguni. Hakupuliza tena. Hata mtori, supu yetu ya ndizi, hakuugusa, na mimi niliogopa kwamba baba yule wa zamani hatarudi.

Miezi ikapita. Siku moja mwalimu wetu wa muziki, mama wa Kimarekani, alileta darasani gramafoni ya betri na santuri ya mtunzi wa kwao, wa zamani sana. Fidla zilianza kwa upole. Ikaingia bendi. Halafu ikaingia nyingine, na wimbo wake na mwendo wake, bila kuijali ya kwanza. Wenzangu walicheka wakidhani mashine imeharibika. Mimi nywele zilinisimama. Lilikuwa daraja letu! Mtu asiyewahi kuuona mlima huu aliliandika, nota kwa nota, tena kwa makusudi.

Nilimng'ang'ania mwalimu mpaka akapanda nami nyumbani na gramafoni yake. Baba alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Ilipoisha aliomba irudiwe.

"Kumbe huyu naye alikuwepo," akasema polepole.

Jumamosi ile aliniagiza majivu na limao.

Sasa baba amelala kihambani, kando ya migomba yake. Wajukuu wangu kila mmoja ana muziki wake masikioni, na hakuna wimbo unaokutana na mwenzake. Juzi, hapa kwangu Pasua, mjini Moshi, niliupata ule muziki kwenye simu, nikaufungulia sauti yote. Mjukuu wangu wa kike akachomoa vidude vyake masikioni.

"Bibi, umefungua nyimbo mbili! Zima mmoja."

"Ziache zote, mama," nikamwambia. "Mmoja ni wa baba yangu."