Mfuko wa Damu Usiokuwa Wake

Mkono wangu ulikuwa kwenye kibano cha mrija, tayari kuifungulia damu, wakati mgonjwa aliponishika kidole.

"Mama, ngoja. Miye niko O. Ule mufuko banaandika A."

Alikuwa mchuuzi kutoka Sakania, amepasuliwa jana yake. Alilijua kundi lake la damu kwa sababu aliwahi kuongezewa damu zamani. Nilitazama mfuko. Herufi A ilikuwa pale, kubwa. Mimi nilikuwa nimesoma jina peke yake, na kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke mwingine mwenye jina hilohilo. Niliuteremsha mfuko, nikaurudisha kwenye friji ya damu.

Kliniki yetu ya Katuba ilikuwa na wauguzi sita. Asubuhi iliyofuata daktari mwenye kliniki, aliyesikia habari za mfuko kutoka kwa mgonjwa asiyejua jina langu, alituita katika chumba cha kufungia vidonda. Alikuwa amekasirika.

"Ni nani?"

Mama chef, muuguzi mkuu wetu, alikuwa na miezi miwili tu tangu aanze kazi kwetu. Alisogea mbele.

"Ni miye, Docteur. Miye njo niliweka bagonjwa babili ba jina moja mu chumba moja. Na nilimuacha huyu peke yake na bagonjwa kumi na moja."

Katika miaka yangu tisa ya kazi sikuwahi kumsikia mkubwa akisema "ni miye". Nilidhani nimesikia vibaya. Aibu ndiyo iliyonisukuma.

"Docteur, ni mimi niliutundika."

Daktari alitutazama kwa zamu, akaenda zake. Mchana barua ya onyo ilikuja kwa jina la mama chef, si langu.

Lakini kabla ya hapo, daktari alipotoka tu, mama chef alifunga mlango.

"Kila mutu aseme kosa moja alifichaka. Hakuna barua, hakuna kufukuzwa. Nitaanza miye." Akasimulia juu ya mtoto aliyempa dawa mara mbili, alipokuwa bado kijana kule Kalemie. Mtoto alipona. Hakuwahi kumwambia mtu.

Kisha akasema yule tuliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, mzee kuliko sisi sote, ambaye hata daktari alimwogopa kidogo.

"Miye, sasa miaka mitatu, sioni maandishi madogo."

Akaendelea:

"Ninaambia batoto banisomee chupa. Ninajifanya ninabapima."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao watoto, wauguzi tuliokuwa wadogo kwake. Mara ngapi alikuwa amenisogezea chupa ya dawa, akisema, "Soma, tuone kama ulisoma shule kweli"! Nami nilisoma kwa fahari. Siku nisipokuwapo, nani alimsomea? Sikuthubutu kuuliza.

Mama chef alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Asante, Yaya. Kuanzia leo hautagusa dawa mupaka upate miwani. Siku ya ine ya juma tunaenda bote kwa munganga wa macho. Kwa sasa utafundisha benzako kutafuta mishipa ya batoto. Hapa hakuna mwenye kuipata kama weye."

Yaya alilia, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata msibani.

Tangu siku hiyo hakuna damu inayotundikwa kabla watu wawili hawajasoma mfuko kwa sauti, na mgonjwa mwenyewe anasikiliza. Yaya alipata miwani mizito. Sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti za biskuti za wagonjwa.

Mama chef alitundika daftari la shule ukutani, la kuandikia makosa na mambo tuliyoponea chupuchupu. Lilijaa kabla ya Pasaka. Siku moja nililisoma lote, ukurasa kwa ukurasa. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kwetu hakuna makosa.