Mkalimani Wetu wa Kliniki

Vyuo vikuu vya Kanada haviangalii alama za mtihani peke yake. Chuo ambacho binti yangu alitaka kusomea uuguzi kilimuuliza pia huwa anafanya nini nje ya darasa. Aliniambia, karibu alie, "Mama, sina cha kuandika. Wenzangu wanapiga piano, wanaogelea."

Nilikasirika, nikaweka chini gauni la mteja nililokuwa nalishona. "Huna? Na pale kliniki ya mtaani kwetu Alexandra, nani hutusemea?"

Tangu akiwa mdogo, wamama Wakongo wenzangu wa kanisani, tusiojua Kizulu, walimchukua awatafsirie kwa manesi. Alijua tumbo la nani linauma na presha ya nani imepanda, na hakuwahi kutoa siri ya mtu.

"Hiyo ni kusaidia tu, mama."

"Andika hiyo hiyo!"

Akaandika, chuo kikamchukua. Namshukuru Mungu, nawashukuru na wale wamama na magonjwa yao.

Juzi nilikwenda kliniki peke yangu. Nesi aliniuliza maneno mengi kwa Kizulu, nikaelewa swali moja tu: mtoto wako yuko wapi? Nikasahau goti lililonipeleka, nikajibu kwa sauti foleni nzima isikie: "Kanada!"