Ujumbe wa deni uliotufikia mkutanoni Zinga

Jamani, leo simu zimetuumbua!

Tulikuwa Zinga, sisi wa kujitolea tunaodai sheria iibane mikopo ya mtandaoni, hii tunayoiita kausha damu. Mwenyekiti wetu, Bi Rehema, alikuwa anaeleza: "Ukichelewa kulipa, wakopeshaji wanamtumia ujumbe kila mtu aliyemo kwenye simu yako."

Simu yangu ikatetema.
Ya jirani nayo. Mara karibu ukumbi mzima.

"MWAMBIE REHEMA ALIPE DENI. NI TAPELI."

Na mkwewe, mume wa bintiye, kakaa mstari wa mbele, simu mkononi! Bi Rehema akajifunika uso kwa mtandio. Mie natamani ardhi ipasuke.

Mkwe akainuka, macho chini.
"Shikamoo mama. Mwezi uliopita walikutumia na wewe, kuhusu mimi. Hukuniuliza."
"Marahaba, baba. Ningekuulizaje, na wewe mkwe wangu?"

Kumbe haya zetu ndizo wanazotukamatia!

Nimerudi nyumbani, kukaa siwezi, chai imepoa.
Niambieni kweli: wewe ulitumiwa ujumbe kuhusu deni la nani, ukanyamaza?